Siku Mama Alipotaka Kumwona Kiboko

Mama alikuwa na miaka sabini na mbili aliponiomba nimpeleke ziwani akamwone kiboko. Nilidhani nimesikia vibaya. Mdogo wake wa kiume aliuawa na kiboko akichota maji, akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo Mama hakukanyaga ufuo wowote. Samaki alinunua sokoni Kibuye. Ziwa lenyewe alilitazama kutoka barabarani tu.

"Kwa nini sasa?" nilimuuliza.

"Kwa sababu bado natembea."

Tuliondoka nyumbani Mamboleo Jumamosi asubuhi, mimi nikiendesha, yeye kando yangu, mkoba mapajani. Mpaka Kisian alinisimulia harusi ya jirani. Tulipoingia barabara ya Bondo akanyamaza. Baada ya Kombewa tuliiacha lami tukashika njia ya udongo inayoteremka ziwani, na nikaona ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Turudi?"

"Nimesema turudi?"

Niliegesha gari kando ya shamba la mahindi. Mawingu yalikuwa mazito, na mvua ya jana yake ilikuwa imeacha matope. Tulishuka polepole kwa sababu ya goti lake, mpaka tukafika penye nyasi fupi karibu na maji. Viboko walikuwepo. Masikio na pua tu juu ya maji, watano hivi, mbali kiasi cha kunituliza. Mama aliwatazama mmoja mmoja. Nikaanza kufikiria chakula cha mchana.

"Mama! Tokeni hapo!" Mwanamke aliyekuwa akipalilia viazi alikuwa ameinua jembe. "Hapo ndio njia yake! Mmoja yuko nyuma yenu!"

Niligeuka. Kiboko alikuwa ametokea pembeni mwa mahindi, mweusi kwa tope, na kati yake na ziwa tulikuwa sisi wawili. Hata mimi niliyekulia mjini nilijua kiboko hazuiliwi njia ya kwenda majini.

Nilimshika Mama mkono. Ulikuwa baridi. "Twende." Hakusogea. Macho yake yalikuwa kwa yule mnyama. Nikamvuta, goti likakataa, akaanguka kwenye nyasi. Kiboko alisimama, akapumua kwa nguvu, nikaisikia ile pumzi kana kwamba iko shingoni mwangu. Kisha akaanza kuja.

Nilimshika Mama kwapani nikamburuta kama gunia mpaka kwenye matuta ya viazi, nikamlalia. Sikujua kitu kizito vile kinaweza kukimbia vile. Ardhi ilitetemeka chini yetu. Akapita pale pale tulipokuwa tumesimama, halafu maji yakapasuka.

Yule mwanamke alifika akihema. "Nyinyi watu wa mjini mnakujanga kuangalia nini hapa? Huyu si ng'ombe!"

Mama alimjibu kwa Kijaluo, bado amekaa kwenye matope: "Nimekuja kumwona aliyemuua ndugu yangu."

Mwanamke akaliweka jembe chini. Akaketi karibu naye, akaanza kumpangusa tope mgongoni kwa leso yake, bila kuuliza zaidi.

Tulipoingia garini ufunguo ulikataa kuingia. Nikapandwa na hasira. "Kwa nini ulisimama tu? Ungetuua wote wawili!"

Aliurudisha mkoba mapajani.

"Siku ya mazishi waliniambia ilikuwa ghafla mno," alisema. "Kwamba hakupata hata muda wa kuogopa. Nimeliamini hilo miaka yote hii." Alitazama kule majini. "Muda upo. Leo nimeuona. Upo mwingi."

Nilimshika mkono, na safari hii ulinishika pia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani, akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Nilimwacha alie mpaka aliponyamaza mwenyewe na kuniambia niwashe gari.

Goti lilikuwa limevimba, kwa hiyo tulipita hospitali ya Kombewa. Muuguzi alimuuliza ameumiaje.

"Niliteleza shambani."

"Shamba gani, mama, na umevaa nguo ya kanisa?"

"Langu," Mama alisema, akanyoosha mguu ufungwe bandeji. Mimi nilitazama ukutani. Ndugu zangu nao waliambiwa hivyo hivyo.