Fundo la Saba

Udongo wa chini sana haunuki kama udongo wa shambani. Ule wa shambani una harufu ya majani, samadi na mvua. Huu wa chini hunuka chuma na ubaridi, na kitu kama kinywa cha mtu aliyefunga kula siku nyingi. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na minne, kiangazi kile baba yangu alipochimba kisima cha kanisa katika kijiji kimoja mbele kidogo ya Kalenga. Kila ndoo iliyopanda ilinuka hivyo, na baba mwenyewe jioni alinuka hivyo hata baada ya kuoga maji ya moto na sabuni ya mche. Tangu wakati huo nimeishi sehemu nyingi, na hakuna nilipokaa zaidi ya miaka mitatu, lakini mpaka leo nikikuta watu wanachimba choo au msingi wa nyumba navuka barabara.

Baba alikuwa fundi wa visima na alikuwa mnywaji. Masika ya mwaka ule, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulipokuwa mwingi hata watu wakawa wanaugawa bure kwa majirani, alikunywa akalala kwenye ngazi za kanisa, na akina mama wa kwaya wakamkuta hapo asubuhi ya Jumapili, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kwetu kosa kama hilo lilikuwa na utaratibu wake. Mtu alitengwa. Jina lake lilisomwa mbele ya ibada, akahamia benchi la nyuma, na Meza ya Bwana ilipoandaliwa yeye alibaki ameketi huku wenzake wakimpita. Angerudi kundini siku atakayotubu mbele ya wote. Akifa kabla ya siku hiyo, ndugu zake walimzika wenyewe, bila kengele wala kwaya. Watoto tulilijua hilo kama tulivyojua njia ya kwenda mtoni.

Mwinjilisti wetu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha ninapojaribu kumchukia. Yeye ndiye aliyewashawishi wazee wa kanisa wampe baba njia ya mkato. Kanisa lilihitaji kisima; baba achimbe, iwe ndiyo matunda ya toba yake. Maji yakipatikana kabla ya Jumapili ya kipaimara, siku hiyohiyo atapokelewa. Na mimi nilikuwa katika darasa la kipaimara mwaka ule. Siku ya kubarikiwa, mtoto alitembea hadi madhabahuni katikati ya baba na mama yake, kisha watatu wakashiriki Meza pamoja kwa mara ya kwanza. Mtoto ambaye mzazi wake ametengwa alitembea na upande mmoja mtupu, na watu waliutazama ule upande mtupu kuliko walivyomtazama mtoto. Mimi nilitaka baba awe mkono wangu wa kulia. Nilitaka hilo kuliko gauni jeupe.

Kiangazi kile Mwinjilisti alitufundisha habari za vilindi. Alichora kwenye ubao usiopakwa rangi mstari mmoja mrefu akasema huo ni uso wa nchi. Juu yake akaandika Uzima, chini yake akachora shimo na kulitia chaki nyeusi aliyoitengeneza kwa mkaa. Humo akawaweka wote. Yona tumboni mwa samaki. Yusufu kwenye birika lisilo na maji. Yeremia akizama matopeni. Yule mwimba Zaburi ambaye maji yamemfika shingoni na miguu haina pa kukanyaga. Bahari yenyewe, alisema, ni mnyama, na Mungu ndiye aliyemtia hatamu. Sisi watoto wa milimani hatukuwahi kuiona bahari. Kina kirefu kuliko vyote tulichokijua kilikuwa dimbwi la pale Ruaha Mdogo ambapo ng'ombe hawavuki, na shimo la baba. Kwa hiyo Mwinjilisti aliposema kilindi ni mahali dhambi inapompeleka mtu, darasa zima liligeuka kunitazama. Msichana aliyekaa nyuma yangu aliniinamia sikioni. "Ukifika nyumbani," akanong'ona, "msalimie Yona."

Jina likamganda baba. Alipolisikia alicheka hadi akakohoa. "Yona alikaa siku tatu tu," alisema. "Mimi huu mwezi wa pili, na samaki mwenyewe simwoni."

Tulikariri pia fundisho jingine, kwamba taa ya mtu mwovu haidumu. Huzimwa, naye hubaki gizani. Nalitaja kwa sababu kazi yangu kisimani ilikuwa taa. Nilikuwa nimeshafanya mtihani wa darasa la saba, siku nzima ilikuwa yangu. Kila asubuhi, kabla baba hajashuka, niliwasha koroboi, nikaiweka ndani ya kopo la rangi na kuishusha kwa kamba nyembamba mpaka chini. Kamba ile baba aliipiga fundo kila pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ili ajue amefika wapi. Taa ikiwaka chini, anashuka. Ikizimika, anangoja, tunashusha tawi la mkaratusi na kulipandisha kama mtu anayefagia hewani, kisha tunajaribu tena. Hakuwahi kunieleza kwa nini. Labda na yeye hakuelezwa; aliipokea kazi kwa mjomba wake kama mtu anavyopokea jembe. Kamba nene, ile ya kumshushia yeye, mama aliizungushia vipande vya kanga kuukuu pale ilipopita kwapani, isimchune.

Tulipofika fundo la kumi na mbili tukakuta mwamba. Sururu iliruka juu yake ikitoa cheche. Baba akafanya kama mafundi wa kwetu wanavyofanya: akashusha kuni na matairi mabovu, akauchoma mwamba kutwa nzima, kisha akaumwagia maji ili upasuke. Moshi ulitoka mdomoni mwa shimo siku mbili. Ilikuwa Alhamisi, kisha Ijumaa. Jumamosi asubuhi watu walijaa, maana Jumapili ndiyo ilikuwa ile Jumapili. Nikashusha koroboi. Kwenye fundo la tisa mwali ukawa mfupi, ukawa wa bluu, ukafa.

Tukapunga tawi. Nikashusha tena, ikafa tena. Baba akakaa chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Tungoje Jumatatu," alisema.

Wanawake waliokuja kubeba ndoo, mama akiwa miongoni mwao, walitazamana. Mzee wa kanisa aliyeshika gogo la kuzungushia kamba akasema taratibu, kama anayesikitika, "Taa ya kwako hii, ndugu yangu, mbona haitaki kukaa?" Mtu nyuma akaguna. Nilijua wanafikiri nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho. Mwinjilisti akamwekea baba mkono begani. "Labda kuna jambo hujalitua mbele za Bwana," alisema. "Tuombe. Kisha mtoto ashushe mara ya mwisho."

Wakafumba macho. Mwinjilisti aliomba kwa sauti nzuri, akiwataja wote waliowahi kulia kutoka chini wakasikiwa. Mimi nikawasha koroboi na kuanza kushusha. Moja, mbili, tatu. Nilimwona baba amepiga magoti, ameinamisha kichwa, uso wake ukiwa wa mtu anayengoja hukumu. Kwenye fundo la saba mwali ulikuwa bado mzuri, wa njano, umesimama wima. Nikaacha kamba hapo. Haikuwa nia ya kumdhuru. Kwangu taa ile ilikuwa cheti cha tabia yake, na nilitaka wakione kikiwa kizuri.

"Inawaka!" nikasema.

Baba akafumbua macho. "Imefika chini?"

"Imefika, baba."

Watu wakaanza kuimba. Nikaivuta taa haraka, baba akajifunga kamba, akapitisha mikono kwenye zile kanga, akanikonyeza. "Kesho vaa viatu vya kisigino kifupi," alisema, "nisionekane mbilikimo pembeni yako." Akashuka. Tulisikia sururu mara nne. Ya tano haikuja. Mzee wa gogo akaita, akaita tena, kisha wanaume sita wakavuta. Alipanda akiwa ameinamisha kichwa vilevile kama alipokuwa akiombewa. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Maji yalikuwa yametoka.

Wazee walikaa kikao jioni ile. Maji yalikuwa yametoka Jumamosi, kabla ya Jumapili, kama walivyosema. Lakini hakuwa ametubu kwa kinywa chake mbele ya usharika, na maiti haiungami. Akazikwa Jumatatu na ndugu zake. Kengele haikulia. Akina mama wa kwaya walikuja, wakakaa mbali kidogo, midomo imefungwa. Mwinjilisti alikuja pia, akasimama bila joho, akalia machozi ya kweli. Jumapili iliyofuata alihubiri kwamba si kila aliyemezwa na samaki hutapikwa. Sikwenda kubarikiwa. Nafasi ya kidato cha kwanza niliipata, sikwenda pia. Mwezi wa kwanza nikapanda lori la vitunguu hadi Chimala, kupalilia mpunga kwenye majaruba ya watu.

Tangu Chimala nimefanya kazi nyingi nisizoweza kuziorodhesha, na nimesoma kila karatasi iliyonipitia mkononi, hata zile za kufungia maandazi. Lakini jambo nililolihitaji kuliko yote sikulisoma popote. Niliambiwa Iyunga, nilipokuwa nauza chakula kando ya barabara kuu, na mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya aliyekuwa akila ugali na maharage. Alikuwa anasimulia jinsi wanavyoshusha mshumaa mashimoni. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, ukizimika maana yake nini.

"Hewa mbaya, dada. Hasa mkichoma moto chini, hewa inakaa pale kama maji kwenye beseni. Moto ukifa, na wewe unakufa."

"Hata mtu mwema?"

Akaacha kutafuna. "Kwani huko kwenu taa inajua nani kanywa ulanzi?"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaenda nyuma ya banda na kukaa juu ya gunia la mkaa mpaka wateja wakaanza kuniita.

Baada ya hapo niliyarudia Maandiko, peke yangu, bila ubao. Nikaona jambo ambalo Mwinjilisti hakutuonyesha. Karibu wote wale waliomo shimoni si wao wabaya. Ndugu zake Yusufu walimtupa birikani kisha wakaketi juu kula chakula. Yeremia aliwekwa matopeni kwa kusema kweli, na aliyemtoa alikuwa mgeni, ambaye kabla ya kuvuta alimshushia matambara ayaweke kwapani, kamba isimwumize. Niliposoma hapo nilikumbuka kanga za mama. Yona peke yake ndiye aliyekuwa na kosa, na huyo alitapikwa. Hatari yote tuliyofundishwa kuitafuta chini, mara nyingi ilikuwa imesimama juu, mdomoni mwa shimo, ikiimba. Na miongoni mwao niliyeshika kamba ya taa ni mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Kisima sasa kina mfuniko wa zege na pampu ya umeme, na mabomba yake yamefika hadi nyumba ya tatu kutoka kwake. Ukutani kuna kibao chenye majina ya waliotoa pampu. Jina la mchimbaji halimo. Majina ya waliotengwa hayasomwi tena kanisani, na watoto wa kipaimara wanapigwa picha za simu wakiwa na mzazi yeyote aliyepatikana. Watu ni wapole zaidi siku hizi. Upole huo ulichelewa nyumbani kwetu tu. Mama, na umri wake wote, bado anashuka Ruaha kuchota maji, na majirani wanasema uzee umemfanya mkaidi. Nilimsindikiza. Tulipokuwa tumeinama ukingoni nikasema, bila kupanga, "Mama, siku ile taa sikuifikisha chini."

Aliendelea kujaza ndoo kwa kata. "Saba," alisema.

Sikuelewa, au nilielewa upesi mno.

"Wao walifumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu mafundo. Ulishusha saba."

"Mbona hukusema?"

Akajitwisha ngata, akaiweka sawa. "Na mimi," alisema, "nilikuwa nimeshamshonea baba yako shati la Jumapili ile."

Nikamsaidia kuinua ndoo. Tulipanda kilima, tukapita bomba la kisima ambako watoto wawili walikuwa wakinyweshana maji kwa viganja, wakicheka. Walitusalimu, "Kamwene, bibi." Mama akawaitikia vizuri, wala hakupunguza mwendo.