Mkono wa Mama Mkwe

Kwetu Wakurya, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Miaka yote ya ndoa yangu mama mkwe wangu alinisalimia kupitia kwa mke wangu, na tukikutana njiani aliingia kwenye mahindi mpaka nipite. Sikuona ubaya wake. Heshima nayo ina uzito, na mabega yangu yalishauzoea.

Kiangazi kimoja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniita Susuni nimwezekee nyumba katika boma analoishi na mama yao. Mimi ni seremala wa Turwa, mjini Tarime, kwa hiyo nilikuwa naenda asubuhi kwa pikipiki, jioni narudi. Mke wangu alikaa huko akitupikia. Nikiwa juu ya kenchi za paa niliona uwanja wote, lakini mama sikumwona hata mara moja. Moyoni nilimsifu kwa adabu.

Siku ya kupiga mabati nilikuwa nimekaa chini nakunywa uji. Mama akatoka ndani kichwa wazi, akaja moja kwa moja, akaketi kando yangu na kunishika mkono. Akaniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa, akauliza kama ng'ombe wameshanyweshwa. Zizi la pale halina ng'ombe siku nyingi. Punde akasinzia palepale, kisha akashtuka na kuanza kufukuza kuku ambao hawakuwepo.

"Mama amezeeka," shemeji alisema, akacheka kwa aibu. Kisha akaanza habari za mbuzi wa kututakasa, maana kushikana vile ni mwiko.

"Jana alikuwaje?" nikamuuliza.

"Jana alikuwa mzima. Amepukuchua mahindi, amenigombeza."

"Sasa shemeji, uzee gani huo unaoingia usiku mmoja? Mbuzi atasubiri."

Tulimpakia kwenye pikipiki, mke wangu akimshikilia kwa nyuma, mpaka hospitali mjini. Muuguzi alimwamkia shikamoo, akampima, kisha akamuuliza mke wangu kama mama anakunywa maji.

"Hanywi," mke wangu alijibu akitazama sakafu. "Choo kiko upande ambao mume wangu anafanyia kazi. Hawezi kupita mbele ya mkwe, basi hanywi, na mkojo anaubana mpaka jioni."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mzee akichanganyikiwa ghafla, msiseme ni uzee wala wazimu," muuguzi alisema. "Tafuteni ugonjwa. Wa huyu uko kwenye mkojo, na maji yamempungua." Alimwekea dripu na kumchoma sindano za dawa. Akatukataza kumfunga kamba au kubishana naye. Pazia liwe wazi aone mchana, aambiwe polepole yuko wapi, na akae karibu na mtu anayemwamini.

Shida ni kwamba aliyemwamini ni mimi, akinidhania kaka yake. Mke wangu akimgusa, alimpiga. Nikiuachia mkono wake, aling'oa dripu. Basi nikaketi kitandani, nikimwambia tena na tena kuwa yuko hospitali Tarime na binti yake yupo. Shemeji, aliyetufuata baadaye, alikataa kuingia wodini kuona jambo lile. Niliogopa kweli, si mwiko tena, bali kwamba akili yake haitarudi na tutamrudisha Susuni mtu mwingine.

Asubuhi moja alifumbua macho, akatazama dirisha, akatazama dripu, akanitazama mimi. Akauchomoa mkono, akavuta kanga na kufunika uso, akageukia ukutani.

"Mwambie mkwe atoke," alimwambia binti yake kwa Kikurya. "Na aliyemruhusu kuingia aone aibu."

Nilitoka karibu kukimbia. Kwenye varanda nililia kwa furaha, mtu mzima mimi, na shemeji akanipa leso.

Kabla hajaruhusiwa nilirudi Susuni, nikatoboa ukuta wa nyumba ya mama na kuweka mlango wa nyuma unaoelekea chooni. Mbuzi naye alichinjwa, nikala sehemu yangu. Siku hizi nikienda, uji naletewa na mke wangu, na kutoka nyuma ya nyumba nasikia bawaba za mlango ule zikilia mama akipita. Sijazitia mafuta, wala sitazitia.