Aliyeshika Kioo

Mkono wangu ulifufuka, na mwenyewe nikawa wa mwisho kupata habari.

Naitwa Cleophace, mkulima wa kahawa na migomba hapa Isingiro, Kyerwa. Mwaka juzi kiharusi kilinidondosha asubuhi nikianika kahawa. Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia, ganzi tupu.

Hospitali nikakutana na Mackrine, binti wa mazoezi ya viungo.

"Baba, kwenye hospitali kubwa za nje kuna roboti. Inaushika mkono na kuukunja na kuunyoosha."

"Na hapa?"

"Hapa kuna kioo. Na mama."

Mama ni mke wangu, Kokushubira.

Zoezi lenyewe kama utani. Kioo kinasimamishwa katikati ya meza. Mkono mbovu unafichwa nyuma yake, mzima unakaa mbele. Unafumba na kufumbua ule mzima huku unatazama kioo. Ubongo unaona mikono miwili mizima, unaingia mkenge.

Nyumbani, Kokushubira alikaa upande wa pili, kashika kioo kisianguke. Tukimaliza ananifunga tena mkono kwa khanga shingoni.

Majirani wakasema napiga ramli. Mzee wa kanisa, Aristides, akaja kunikemea. Aliomba sana, kisha akachana nywele kwenye kioo hichohicho, akaenda zake.

Miezi mitatu, holaa.

"Huko nyuma kuna kinachocheza?" nilikuwa namuuliza Kokushubira.

"Bado. Endelea."

Siku ya kliniki, Mackrine akashika kioo mwenyewe. Nikafumba na kufumbua mara mbili tu, akakilaza mezani.

"Baba, vidole vyote vinatembea. Na hii si ya leo."

Nikamgeukia mke wangu.

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Mbona hukusema?"

Akakunja khanga taratibu.

"Baba Yusto, mkono huo naujua kuliko huyu binti. Ndio uliong'oa meno yangu mawili. Nilitaka kwanza nijue mwenye mkono karudi vipi."

Mackrine akajifanya anatafuta kalamu.

Miezi yote ile alinilisha kwa mkono wake, nami nikamwambia asante, neno ambalo kwa miaka ishirini na sita ya ndoa halikuwahi kunitoka.

Leo mkono huu unamenya ndizi, unachambua kahawa. Lakini nikiuinua ghafla kuchukua kofia ukutani, Kokushubira anarudi nyuma hatua moja.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mkono hospitali wanaweza kukurudishia. Zoezi la kumfanya mke asishtuke, Mackrine hana. Nilimuuliza.