Chai ya Saa Kumi kwa Mama Gumato

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kikombe kabla sijaulizwa jina. Hoteli ile ya mawe ilisimama karibu na kizuizi cha barabara ya kaskazini, pale ambapo kila aliyetaka kwenda Marsabit au Wajir alingoja kibali. Mkuu wa weita, Mmeru mrefu aliyeitwa Mzee Kirimi, aliviangalia vile vigae, akaniangalia na mimi, kisha akaniambia nivifagie na nirudi nikiwa nimenawa mikono hadi viwiko. Hakunikaripia. Baadaye nilijua kwamba alimkaripia tu mtu aliyerudia kosa lile lile.

Jina langu ni Abdi, Msomali wa Isiolo. Babu alikuja na jeshi la Waingereza na alipostaafu akapewa mahali pa kukaa hapa. Baba alikuwa na lori, akataka nishike usukani. Nilipochagua sinia alikasirika, akasema mjukuu wa askari hawezi kuvaa kanzu na mshipi mwekundu awamiminie watu chai. Tulikaa miezi bila kusemezana. Sikuona aibu wakati ule na sioni leo. Kazi ile ilikuwa na elimu yake, na aliyeidharau ni yule asiyeijua.

Ninyi vijana mnaofanya kazi hotelini siku hizi mnatumbukiza kifuko kwenye kikombe cha maji vuguvugu mnasema ni chai. Mzee Kirimi angewafukuza kabla ya saa sita. Chai ya alasiri ilitoka saa kumi kamili. Kwanza birika la udongo mweupe lilisuuzwa kwa maji ya moto ili lisiibe joto la chai. Majani yalipimwa kwa kijiko, kimoja kwa kila mgeni na kimoja cha birika lenyewe. Birika lilipelekwa penye maji yanayochemka, kwa sababu maji yakibebwa kulifuata birika yanapoa njiani. Kisha lilivishwa kofia ya kitambaa kizito, likaachwa hata chai iive. Pembeni kulikuwa na birika la pili la maji matupu, la kuongezea chai ikiwa kali mno. Halafu ile stendi ya sahani tatu, moja juu ya nyingine: chini sandwichi za matango zilizokatwa maganda, katikati skonzi zenye joto, juu keki ndogo. Mgeni anaanzia chini anapanda. Weita hasemi neno asiposemeshwa, na hamsimamii mgeni kichwani.

Maziwa yaliletwa kila asubuhi na Mama Gumato, Mborana aliyefuga ng'ombe nje ya mji. Alikuja na punda na vyombo vyake vya kusukwa, vilivyofukizwa moshi wa miti ili maziwa yasiharibike. Moshi ule uliingia ndani ya chai. Meneja wa kwanza, Mzungu aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliipenda harufu ile mpaka akakataa maziwa ya mtu mwingine yeyote. Lakini Mama Gumato mwenyewe aliishia mlango wa jikoni. Barazani palipoandaliwa chai palikuwa pa Wazungu, na hakuna aliyehitaji kuandika kibao.

Uhuru ulikuja, na vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikaja nyuma yake vikiukanyaga visigino. Meneja Mzungu akauza vitu vyake akaondoka. Meneja wa pili alitoka nyanda za juu, mtu msomi, mpole, ambaye aliogopa kila mwenye kofia ya serikali. Barazani sasa walikaa maofisa wetu wenyewe. Viti havikubadilika, na wasiotakiwa kuvikalia hawakubadilika pia.

Kwa sisi Wasomali na Waborana miaka ile ilikuwa migumu. Kutoka nyumbani Bulla Pesa hadi hotelini nilionyesha karatasi zangu mara mbili, tena kwa askari walionijua. Waborana wanauita wakati ule Daba, maana yake kila kitu kilisimamishwa. Watu walikusanywa kambini, wakakatazwa kuchunga mbali, na mifugo ikafa mbele ya macho yao au ikapigwa risasi. Sisemi shifta walikuwa malaika. Ndugu yake Mzee Kirimi, kitinda mimba wao, aliuawa nao barabarani akipeleka miraa. Mzee alizika, akarudi kazini siku ya tatu, na tangu hapo alipoagiza kitu alisema maneno mawili badala ya manne. Nilihofia atanichukia. Hakuwahi kunionyesha hivyo, lakini nami sikuthubutu kumuuliza.

Asubuhi moja maziwa hayakuja. Msako wa askari ulikuwa umepita upande wa Mama Gumato. Ng'ombe wake wote walikwisha, na mumewe, Galgalo, alipelekwa kambini akiwa na jeraha la mguu. Tukaanza kutumia maziwa ya mkebe. Habari tulizopata baadaye ni kwamba mguu ule ulikuwa umeanza kuoza, na hapakuwa na mtu wa kumtoa kambini kumpeleka hospitali bila barua ya ofisa wa vibali.

Ofisa huyo tulimjua vizuri. Kila siku saa kumi alikaa meza ya pembeni barazani, akavua kofia, akanywa chai vikombe vitatu. Sitamtaja jina, ana watoto na wajukuu.

Mama Gumato alimfuata ofisini kwake kwa muda wa majuma mawili. Kila alipofika aliambiwa bwana hayupo, njoo kesho. Basi siku moja, saa kumi alasiri, nilitoka na sinia nikamkuta amekaa barazani, meza iliyopakana na ya ofisa. Alikuwa amevaa nguo safi na shanga zake za kaharabu. Mikono ilitulia mapajani.

Alinisalimu, "Salaam aleikum, Abdi." Nikamwitikia.

"Niletee chai," akasema. "Ile unawapa hawa. Yote."

Meneja aliniita ndani. Alikuwa akitokwa jasho. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mama yule atoke kwa heshima kabla hajatolewa kwa nguvu, na kwamba mimi kwa jina langu na kabila langu ndiye ninayepaswa kuogopa kuliko wote. Alisema kweli. Niliogopa sana. Lakini nilikumbuka miaka yote niliyopokea maziwa yake mlangoni, naye amesimama juani, na ndani yangu kitu kikakataa. Nikamwambia meneja kwamba mgeni ameagiza, nami nakwenda kuandaa.

Sikuruka hatua hata moja. Nilisuuza birika, nikapima majani, nikalivisha kofia yake. Nilipanga sandwichi, skonzi na keki kama ningemwandalia gavana. Nilipomwekea stendi mezani ofisa alikuwa akinitazama.

"Weita," akasema, "tangu lini watu wa manyatta wanakaa hapa?"

"Tangu Uhuru, bwana."

Mama Gumato alikunywa taratibu, kisha akamgeukia ofisa. Hakulia wala hakuomba. Alimwambia jina la mumewe, kambi aliyomo na hali ya mguu. Ofisa alimwambia mambo ya kazi yanazungumzwa ofisini.

"Ofisini nimekuja siku nyingi," akasema. "Huko wewe hauko. Uko hapa."

Ofisa alivaa kofia akaondoka, kikombe cha pili akakiacha nusu. Meneja akaniambia mama yule akirudi nami nikimhudumia, kazi sina. Kesho yake alirudi, nikamhudumia. Kabla hajamaliza skonzi askari wawili walikuja kukagua karatasi zangu. Karatasi zile zile walizoziona asubuhi sasa zilikuwa na kasoro. Nilivua mshipi wangu mwekundu mwenyewe, nikaukunja, nikauweka juu ya sinia. Nilitaka wajue sikuvuliwa. Nilikaa mahabusu siku tano.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wapishi. Siku ya tatu Mama Gumato alipokaa, weita wote walisimama jikoni wakiangalia miguu yao. Hakuna wa kuwalaumu. Kila mtu alikuwa na watoto. Mzee Kirimi, ambaye kwa cheo chake hakuwa amebeba sinia kwa miaka, alinawa mikono hadi viwiko, akaandaa chai, akaipeleka mwenyewe. Meneja alimzuia mlangoni akamuuliza kama amesahau nani alimuua ndugu yake. Wanasema Mzee alimjibu, "Huyu mama hakumuua. Nipishe, chai inapoa."

Alimhudumia siku hiyo na nyingine mbili. Ofisa naye, kwa kiburi, hakutaka kuonekana amefukuzwa na mwanamke kwenye meza yake, kwa hiyo aliendelea kuja. Kila siku Mama Gumato alimwambia maneno yale yale: jina, kambi, mguu. Siku ya mwisho palikuwa na daktari mgeni, asiyejua Kiswahili vizuri, aliyekuwa akisubiri kibali aende kaskazini. Aliyasikia. Aliinua kiti chake, akakisogeza mpaka meza ya mama, akamuuliza maswali kuhusu jeraha, Mzee Kirimi akitafsiri neno moja moja. Kisha akamgeukia ofisa mbele ya watu wote akamuuliza mgonjwa yule anangojewa afe ndipo apewe barua? Barua iliandikwa pale pale barazani, kwenye karatasi ya hoteli.

Galgalo alikatwa mguu chini ya goti, akapona. Aliishi miaka mingi, akitembea kwa gongo na kusema sana. Ng'ombe hawakurudi, wala hakuna aliyeomba radhi. Siwezi kuwaambia kwamba chai ilishinda vita. Ilimtoa mtu mmoja kambini akiwa hai, na waliokuwa wamelala jirani yake hawakutoka.

Mimi nilifukuzwa. Mzee Kirimi alinitafutia nafasi Nanyuki, halafu Nyeri, chini ya mameneja wazuri na wabaya. Kabla sijapanda gari nilimuuliza kwa nini alilibeba sinia lile. Nilidhani atanipa hotuba. Alinirekebisha kola ya shati.

"Mgeni ameagiza chai," akasema.

Vita vilipokwisha, hoteli ikapata mmiliki mpya, na Mzee alipostaafu akanitaja mimi. Nilirudi Isiolo nikiwa mkuu wa weita. Agizo langu la kwanza lilikuwa kwamba anayefika barazani akaketi ahudumiwe, awe ametoka Kinna kwa miguu au Nairobi kwa ndege. Baadhi ya wakubwa walihama. Tuliwafungia vitafunio vya njiani.

Siku ya kuagwa kwangu mwenye hoteli alitoa hotuba ndefu. Aliwaambia vijana waige mfano wangu, kwa sababu katika miaka yote ile nilikuwa mtumishi mtiifu. Wageni wakapiga makofi. Nilipopewa nafasi nilimwomba kwa adabu alitoe neno hilo. Nilisema kazi niliipenda na niliifanya vizuri, lakini mtiifu sikuwa. Niliambiwa nimtoe mgeni mezani, nikakataa. Siku ya pili nikakataa tena, na kesho nikiambiwa nitakataa.

Alicheka, akidhani mzee anatania. Mimi sikucheka. Weita waliokuwa wamesimama ukutani na sinia zao hawakucheka pia.