Siku Posa ya Dada Ilipokwenda Hewani

Haya, chekeni mapema mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini, na kila nikidhani imesahaulika, kwenye harusi yoyote ya ukoo lazima atokee mtu aniulize kama nimekuja na redio yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea mitandao ya mawasiliano, ya waya na isiyo na waya, wakati ambao nyumbani kwetu Temeke hata simu ya waya tulikuwa tunakwenda kuomba kwa jirani, na simu za mkononi ndiyo kwanza zimeingia mjini, wanazo wakubwa wachache, nzito kama tofali. Darasani wasichana tulikuwa wawili tu, kwa hiyo nilitembea kifua mbele (mtaani waliniita injinia, nami niliitika). Zoezi la muhula ule lilikuwa kutengeneza kipaza sauti kisicho na waya, kidude kidogo cha betri ambacho sauti yake unaikamata kwenye redio ya kawaida, kisha upime kinapenya kuta ngapi. Mwalimu wetu alituonya tangu mwanzo: "Wimbi halijui mlango wala pazia." Niliyaandika maneno yale, nikayapigia mstari, nikayasahau.

Sasa wiki hiyohiyo inakuja posa ya dada yangu Mwanaidi. Mchumba alikuwa Hamza, seremala wa Kinondoni, kijana mpole ambaye nyumba nzima tulimpenda kimyakimya. Kimyakimya kwa sababu posa ya kwanza ya dada ilivunjika kwa maneno tu, Shangazi Chausiku alisema jambo uwani, likavuka ukuta, likafika ukweni limeota mapembe. Dada alilia mpaka akakonda. Kwa hiyo safari hii Baba alitukalisha akasema hakuna kucheka ovyo, hakuna kuonyesha pupa, washenga wakishasema yao tutaomba muda wa kushauriana kama ilivyo ada, na mwenye mdomo aushone.

Mnajua mambo ya posa: wanaume sebuleni, wanawake chumbani kwa Mama, masikio kwenye pazia. Bibi yangu masikio yalishaanza kuchoka, kila mara anauliza wamesemaje, wamesemaje. Ndipo nikapata wazo (heri ningepata homa). Asubuhi nikakijaribu kipaza sauti changu kwa redio kubwa ya Baba, dada akiimba uwani na mie sebuleni nikimsikiliza, nikaridhika, nikaizima redio, na mshale wa masafa nikauacha palepale. Huo mshale ndio ulioniponza. Kipaza sauti nikakificha ndani ya maua ya plastiki kwenye meza ya sebuleni, na chumbani nikaweka kiredio cha Mama, ili tuwasikilize wageni bila kusukumana.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Wakaja washenga, kiongozi wao Mzee Shomari, mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno ya taratibu, na sie chumbani tunawapata neno kwa neno, Bibi ananipapasa mgongo, anasema kumbe kusoma kuna faida. Shangazi Chausiku akapeleka kahawa na halua, akaona meza haina nafasi, akayabeba maua, akarudi nayo chumbani, akayaweka dirishani nyuma yangu. Kiredio kikapiga mluzi wa kutoboa masikio. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili angejua mara moja kwamba kipaza na redio vimekutana chumba kimoja. Mie nikasema betri zimekwisha, nikakizima.

Kule sebuleni Mzee Shomari alishamaliza kusema, Baba akaomba radhi kwamba anawapa wanawake nafasi ya kunong'ona. Kwa ukarimu wake Baba akanyoosha mkono akawasha redio yake, wageni wapate muziki kidogo, wakatupata sisi.

Shangazi ndiye aliyefungua kipindi. "Tuwazungushe mwezi mzima, wasituone tuna njaa ya mume." Mama akasema mwezi hauwezekani, vitambaa vya sare vimeshanunuliwa, vimejaa kabati. Bibi akasema kijana hana kasoro, ila yule mwenye kanzu halua yote kaimaliza yeye. Dada naye, sauti inatetemeka, akasema, "Mie hata wakija na kanga moja naenda." Nami, msomi wa ukoo, sikutaka kupitwa, nikasema aende tu, maana tumechoka na safari zake za kila Jumamosi Kinondoni kupeleka nguo kwa fundi, na fundi mwenyewe hashoni, anapiga randa.

Tukaangua kicheko. Bibi, ambaye hakulisikia langu, akauliza tunacheka nini, na swali lake nikalisikia mara mbili, mara moja mbele yangu na mara nyingine ng'ambo ya pazia. Nikageuka nikayaona maua. Nikachomoa betri, na kule sebuleni redio ikabaki inavuma tupu.

Nikamtazama dada. Alishaelewa, kanga mdomoni, machozi yanashuka, na hapo niliogopa kweli, maana posa hii nayo ikivunjika, safari hii si shangazi, ni mie. Nikapita pazia, nikapiga magoti, nikawaamkia wazee, nikasema kosa ni langu, ni zoezi la chuo. Baba alikuwa anatazama dari (habari za Jumamosi alizisikia vizuri, nilimjua kwa shingo). Mzee Shomari akaitikia marahaba, akaisukuma sahani ya halua polepole hadi katikati ya meza. Kisha Baba, kwa kuwa ada ni ada, akakohoa, akatamka kwamba familia inaomba mwezi mmoja wa kushauriana.

"Hakuna neno, ndugu yangu," akasema Mzee Shomari. "Mwezi tutangoja. Ila nazisikitikia zile sare, zisije zikaliwa na mende kabatini."

Baba akajizuia, akajizuia, mabega yakaanza kutikisika, na mara nyumba nzima ikalipuka pande zote mbili za pazia, huku Bibi akiuliza wamesemaje. Jibu likatolewa siku ileile. Dada nilimkuta chumbani analia na kucheka kwa pamoja, akanifinya mkono mpaka ukavimba, kisha akanikumbatia.

Kwenye ripoti niliandika kwamba kinapenya kuta mbili na pazia moja. Siku ya harusi Mzee Shomari alitengewa sinia lake la halua peke yake, kwa amri ya Bibi. Na wanawake wazima walipoingia kumfunda bibi harusi, nami nikajipenyeza nyuma yao, Bibi akanisimamisha mlangoni, akanipekua kanga zote mbili, kisha akaamuru maua yote yatolewe chumbani, hata kikuba cha asumini alichobandikwa dada mwenyewe.

Tangu hapo niliapa. Kwenye shughuli ya ukoo mie ni wa kuosha vyombo uwani, mikono yote miwili majini, mahali ambapo kila mtu anaiona.