Siku Tuliyokataa Kupika

Kuna mtu mmoja kijijini kwetu ambaye nimemchukia kwa zaidi ya miaka ishirini, na sioni haya kulisema. Kanisani tunapeana mikono. Kwenye matanga tunaketi benchi moja. Lakini nikimwona akipanda mlima na ile fimbo yake iliyopakwa vanishi, bado natamani ajikwae, tena mbele ya watu.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya maendeleo. Kosa lake nitalieleza polepole, maana ukilisema haraka linaonekana dogo.

Kijiji chetu kiko juu ya mji mdogo wa Kianjokoma, kuelekea msituni. Nusu yetu tunaishi bondeni kando ya kijito, nusu wanaishi juu mgongoni mwa kilima, na katikati ni majani chai matupu. Wakati ule nilikuwa mwalimu wa chekechea, nimeolewa bondeni, na nilikuwa nimeshamzika mtoto wangu wa kwanza. Uchungu wa mtoto huyo ulinishika asubuhi moja ya mvua. Wanaume wanne walinibeba kwa kitanda kuelekea barabarani, na mtoto akazaliwa katikati ya chai kabla hatujafika popote. Hakulia. Mama mkwe wangu alimfunga kwa leso yake, wanaume wakageuza kitanda, tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo wageni wa mradi mmoja wa maendeleo walipokuja kutuambia kwamba sasa wananchi ndio watakaopanga kijiji chao wenyewe, mimi sikuhitaji kufikiri. Nilitaka zahanati yenye chumba cha kujifungulia, na niliitaka bondeni, kwenye kiwanja cha umma palipokuwa josho la ng'ombe zamani.

Tulikutana uwanja wa shule. Wageni walituomba tuchore kijiji chini kwa majivu, na majivu yakatoka jikoni kwetu kwa ndoo. Tulichora kijito, tukachora mgongo, tukaweka matawi ya chai mahali pa chai na mabua ya mahindi mahali pa njia. Wazee walicheka kwamba wameitwa kucheza kitoto, kisha wakaanza kugombana kuhusu mpaka wa josho, na hapo nikajua kazi imeanza. Halafu kila mtu akapewa maharagwe matano ya nyayo, yale ya madoa mekundu, aweke penye kitu anachotaka kijengwe. Mradi ungejenga kimoja tu. Wanawake wa bondeni waliweka kwenye zahanati. Wanawake wa juu nao wakashuka na maharagwe yao wakaweka hapo hapo, kwa sababu na wao walikuwa wanazaa. Rundo la zahanati lilikuwa kubwa hata mgeni mmoja akalipiga picha. Mwenyekiti alikuwa anataka kituo cha kununulia majani chai, karibu na lango lake, na rundo lake ungelifunika kwa kiganja.

Kilichobaki ilikuwa kunakili ramani ile kwenye karatasi ya manila. Basi mwenyekiti akapiga makofi akasema, "Akina mama, wageni wasikae njaa! Hapa kazi imeisha, sisi tutanakili tu."

Na sisi tukainuka. Hakuna aliyetulazimisha. Kwetu mgeni kupakuliwa chakula na mwanamume ni aibu ambayo ingetufuata hadi makanisa ya jirani, na mukimo wetu wa viazi na mahindi ulikuwa unapoa. Tuliacha kijiji chetu kizima pale chini, tukaenda kushika miiko. Mimi mwenyewe nilimpakulia mwenyekiti. Nilimtafutia paja la mbuzi, nikamwekea na mchuzi zaidi, nikainama kidogo kwa heshima nilipompa sahani. Nikikumbuka paja lile damu inanichemka hadi leo.

Wiki kadhaa baadaye mpango ulibandikwa ukutani kwa chifu, umepigwa chapa vizuri. Kwanza, kituo cha majani chai. Zahanati haikuwepo hata mwishoni. Nilimkuta mwenyekiti hapo hapo nje, nikamuuliza mbele ya watu maharagwe yetu yalikwenda wapi.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ulikuwa jikoni. Kuku waliingia. Kuku walikula."

Watu walicheka. Hata chifu alicheka. Nilikuwa nimesimama na mtoto mmoja kaburini na naambiwa kura niliyoweka kwa ajili yake imeliwa na kuku, na watu wanajishika mbavu. Siku hiyo nilijiapiza kwamba atalipa, na sikuwa na haraka.

Kituo kilijengwa. Mradi ukaondoka. Nilizaa wengine wawili, salama, kwa kuhamia kwa dada yangu Embu mwezi mzima kabla. Wengine hawakuwa na dada Embu.

Miaka ikapita, serikali za kaunti zikaja, na ikawa sheria kwamba wananchi waulizwe kwanza. Tukasikia maofisa wanakuja kusikiliza vipaumbele vya kijiji. Mwenyekiti alikuwa bado mwenyekiti. Jumapili ile, baada ya ibada, tulibaki kanisani sisi wanawake wa bondeni na wa juu, tukijifanya tunafuta viti, nikawaambia neno moja tu: safari hii hatupiki. Mmoja akauliza wageni watasema nini. Nikamwambia waseme wanavyotaka, watasema wakiwa na njaa.

Siku ya mkutano sufuria zilikuwa zimefunikwa kifudifudi nyuma ya darasa. Tulikaa mbele darasani, tukajadili mpaka saa saba. Yalipita mawili bila ubishi: zahanati bondeni, na bomba la maji kutoka msituni kwenda mgongoni, kwa sababu watu wa juu hawana kijito. Hilo la bomba hata mimi niliinua mkono.

Mwenyekiti akaanza kutazama nyuma. Hakuona moshi. Alinijia akainama sikioni mwangu.

"Mwalimu, sasa wageni watakula nini?"

"Unga uko, mzee. Mboga ziko. Jiko unalijua."

"Unaniaibisha."

"Ndiyo," nikamjibu.

Nilikuwa nimeingoja "ndiyo" hiyo miaka mingi na ilikuwa tamu. Akaenda. Akakunja suruali, akapiga magoti, akapuliza moto wa kuni mbichi hadi machozi yakamtoka, yeye na wazee wenzake wawili. Ugali wao ulikuwa na mabonge. Wanawake wote walitoka nje kutazama, wa bondeni na wa juu, wakisukumana mlangoni, wakicheka hadi wakashikana mabega.

Ndani tulibaki mimi na ofisa mwenye faili, wengine wote wako nje. Alitaka orodha iandikwe upya kwa mwandiko unaosomeka, na kila mtu alikuwa ameshamwambia mwalimu ana mwandiko mzuri. Nilichukua kalamu. Niliandika zahanati, namba moja, kwa herufi kubwa. Kisha nikafika kwenye bomba la maji, na kupitia dirishani nikamwona mwenyekiti akikohoa kwenye moshi. Nyumba yake iko juu kabisa mgongoni. Nilifikiria bafu lake lenye vigae ambalo alikuwa ameanza kulijenga akitumaini siku moja maji ya bomba yatafika huko. Nikaliruka. Namba mbili nikaandika banda la kivuli la soko. Ofisa alikuwa anasinzia kwa njaa. Aliweka sahihi, akakunja karatasi, akatia ndani ya faili.

Sitasema kwamba nilisita. Sikusita. Nilitoka nje nikasimama na wenzangu, nikacheka kuliko wote.

Zahanati ilijengwa. Ina vitanda viwili vya kujifungulia na muuguzi anayekaa hapo hapo, na nikipita nikisikia mtoto analia ndani huwa nasimama kidogo. Bomba halikuja. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla mwenyekiti hajanijia. Alinikuta langoni nikichambua mboga.

"Mwalimu, na ile maji yetu ya juu ilienda wapi? Si wewe ndiye uliandika?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limekaa hapo tangu siku ya kwa chifu.

"Kuku walikula, mzee."

Akanitazama bila kuelewa. Akatazama nyuma yangu, kwenye banda la kuku, akarudi kunitazama. Alikuwa amesahau! Neno nililolala nalo na kuamka nalo kwa miaka yote hiyo, yeye alilitupa siku ile na hakuliokota tena.

"Haidhuru," akasema, "mimi nilinunua tangi, nakinga ya mvua, na kijana wangu hunipandishia maji na pikapu. Nauliza tu kwa sababu ya hawa akina mama."

Akaondoka na fimbo yake. Nilibaki na sufuria mapajani nikitamani kumtupia. Mtu huyo hajawahi kubeba maji maisha yake yote. Nilijua hivyo, kila mtu anajua hivyo, na bado nilishika kalamu nikadhani nampiga yeye. Namchukia zaidi sasa, na sehemu ya chuki hiyo inanistahili mimi mwenyewe, ila bado namwekea yeye.

Wanawake wa mgongoni huteremka kwenye kijito chetu, njia inapita langoni kwangu. Juzi jioni alipita mmoja niliyemfundisha chekechea, ambaye alijifungulia zahanati mwezi wa nne. Mtoto alikuwa kifuani, na mtungi ulikuwa chini, umejaa.

"Mwalimu, nitwike," akasema. "Na Mungu akubariki. Bila wewe kutupigania, huyu hangekuwa hapa."

Nikamtazama mtoto. Ana mashavu. Nikainua mtungi nikauweka mgongoni mwa mama yake, na kwa mikono yangu mwenyewe nikamkazia ukanda wa kubebea kwenye paji la uso.