Mzinga Usio na Alama

Je, mtu anayeipenda kazi isiyomlisha amejitendea haki, au amewadhulumu wanaomtegemea? Nina shahada, nina miaka mingi ya mshahara usiochelewa, na bado sina jibu. Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, karibu na Kasikeu, nikaukuta mzinga wa nyuki, wa gogo la mti wa mukau, umeanguka chini ya mgunga. Niliupapasa ubavu nikitafuta alama ya mwenyewe. Haikuwapo. Nikaketi chini, rafiki yangu, kwa maana mzinga ule ni wangu.

Kwetu mzinga ulikatwa alama ya mwenyewe, na mtu hakugusa asali isiyo yake. Mizinga ya baba ilijaa bonde zima. Aliichonga kwa tezo huku akiimba puani, harufu ya mbao mbichi ikifika hadi jikoni, ambako mama alitwanga mahindi ya muthokoi. Alinifundisha kuligonga gogo na kutega sikio: mvumo mzito ni asali, mwepesi ni njaa. Sijapata tena furaha kama ile ya kunuka moshi, vidole vikinata, mdomo umevimba kwa kuumwa.

Kisha mvua ikakosekana, msimu baada ya msimu. Nyuki wakahama. Majirani walikwenda Kambu, kando ya barabara kuu, kutafuta vibarua. Baba aliendelea kuizungukia mizinga mitupu, akigonga, akisikiliza.

"Watarudi," alisema.

"Na huyu mtoto nimwambie awangoje?" mama alimjibu.

Dada yangu mdogo alikuwa amelala mkekani, miguu yake kama vijiti. Mvua iliponyesha, nyuki walirudi. Dada tulikuwa tumekwisha kumzika.

Miaka ilipita, nikajaza fomu ya chuo kikuu. Niliandika masomo ya wadudu. Mwalimu wa darasa aliisoma akacheka. "Wadudu watakulipa nini, kijana? Masega? Andika biashara. Nirudishie kesho asubuhi."

Jioni ile baba, asiyejua habari ya fomu, aliniletea mzinga mpya na kisu. Nimekuwa mtu mzima, alisema, nikate alama yangu. Mama aliugeukia moto.

Siku hizi miti ya mukau imekuwa milango ya watu. Wazazi wangu wamelala kando ya dada, na kijijini sikumpata hata mmoja anayejua kulisikiliza gogo. Mimi mwenyewe niliugonga ule mzinga nikasikia mbao tu.

Kesho yake, baada ya jioni ile ya mzinga, kulipopambazuka nilimrudishia baba kisu chake, hakina hata unga wa mbao. Alikitazama, akautazama mzinga.

"Nitautundika hivyo hivyo," alisema. "Siku ukitaka, utakuja ukate."

Nilishika njia ya shule. Penye kijito kikavu nilisimama, nikaiweka fomu juu ya goti, nikafuta wadudu, nikaandika biashara. Kengele ilipolia, fomu ilikuwa mkononi mwa mwalimu.